Wa Kumtazama Baba Triza

Bahasha zilikuwa ndani ya kasha la viatu, zote za rangi moja, zote zimefungwa kwa gundi. Sista Nzilani alilisogeza kasha mbele ya Wanyonyi akamwambia achague moja. Nerima, mke wa Wanyonyi, alikuwa ameketi kando yake kwenye benchi la kliniki. Tangu jana yake hakuwa ametia kitu kinywani ila maji. Alikuwa amefunga kwa ajili ya jambo moja tu: bahasha ya nyumbani.

"Nisikilizeni tena," sista alisema. "Dawa ya kifua kikuu ni ileile kwa kila mgonjwa. Shida ni kwamba watu wakipata nafuu kidogo wanaiacha, na ugonjwa ukirudi unarudi mgumu, pengine usisikie dawa tena. Ndiyo maana tunafanya utafiti huu. Kila mgonjwa atakuwa na mtu wa kumtazama akimeza, kila asubuhi. Wengine watatazamwa na mtu wa nyumbani, wengine na jirani, wengine watakuja hapa kliniki. Mwishoni tutaona ni kundi gani limepona vizuri zaidi. Sichagui mimi, wala huchagui wewe. Bahasha ndiyo inayochagua."

Si bahasha, Nerima alisema moyoni. Ni Mungu.

Kikohozi kilikuwa kimemla Wanyonyi mabega, hata koti lake la kazi likaonekana la kuazima. Alitumbukiza mkono, akatoa bahasha moja, akampa sista. Sista akaichana.

"Jirani," alisoma. "Haya, Baba Triza. Ni jirani yupi unayemwamini?"

"Mama Wanyoike," Wanyonyi akajibu.

Hakujikuna kichwa. Hakumtazama mke wake kwanza. Jina lilitoka mdomoni mwake kama kitu kilichokuwa kimewekwa tayari mlangoni. Hilo ndilo Nerima alilobeba njia nzima kurudi Mukuru kwa Reuben, wakipita kando ya kuta za viwanda ambazo mvua za El Nino zilikuwa zimeziachia mstari wa matope. Mungu alikuwa ameulizwa, na amejibu hivyo. Mume wake naye ameulizwa, na amejibu upesi zaidi.

Mama Wanyoike, yaani Waithera, alikaa kwenye ploti hiyohiyo ya mabati, mlango wa tatu kutoka kwao. Alikuwa mjane na fundi wa cherehani. Mwanawe Wanyoike alisoma shule ya bweni huko Nyeri, kwa hiyo mchana alikuwa peke yake na mashine yake, mlango wazi, pazia la maua likipepea. Hakuwa mrembo wa kusimamisha watu njiani. Lakini alikuwa na namna ya kucheka kwa sauti ya chini, kama mtu anayefunika sufuria, na wanaume waliokuja kushonesha suruali walichelewa kuondoka.

Kitu kingine Nerima alichomwekea Waithera moyoni kilihusu sala. Siku moja walipokuwa na msiba kwenye ploti, Waithera aliombwa aombe. Aliomba kwa maneno machache, amesimama, macho wazi, akiangalia watu mmoja mmoja. Nerima alimwona kwa sababu alichungulia, kisha akatubu kwa kuchungulia. Kwao, katika kanisa lao, mtu alifumba macho mbele za Mungu kama anavyovua viatu mahali pasafi. Mwanamke anayeomba huku anatazama watu, anaomba kwa nani?

Siku ya pili Sista Nzilani alikuja kumfundisha Waithera kazi ya uangalizi. Nerima naye aliitwa asikie. Sista alieleza mengi: vidonge vimezwe asubuhi kabla ya chakula, mgonjwa afungue mdomo na kuinua ulimi baada ya kumeza, mkojo utageuka rangi kama chai ya rangi iliyokolea au maji ya machungwa, na jasho pia, asiogope mtu. Waithera alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, akiuliza hiki na kile. Nerima alikuwa akitazama gauni la Waithera. Lilikuwa jipya, la kijani, limeshonwa kiunoni kwa ustadi. Alijiuliza ni lini limeshonwa, na kwa nini livaliwe leo. Maneno ya sista yalimpita kama sauti ya redio ya nyumba nyingine. Alilolikamata ni hilo la rangi tu, na kwa kuwa hakusikia sababu yake, alijitafutia sababu mwenyewe: ni uchafu wa ugonjwa unaotoka.

Basi asubuhi zikaanza. Wanyonyi aliamka, akanawa uso, akavaa koti la kazi, akatembea milango mitatu. Pazia la maua lilimmeza. Nerima alibaki akimvalisha binti yao Triza sare ya shule, masikio yakiwa kwingine. Alisikia kijiko kikigonga kikombe. Alisikia ukimya, na ukimya ndio uliomchoma kuliko yote. Kisha kile kicheko cha chini, na baadaye, Mungu amsamehe, kicheko cha mume wake, kicheko ambacho nyumbani kilikuwa kimenyamaza tangu damu ya kwanza ilipoonekana kwenye makohozi.

Ni kweli kwamba alikuwa akipata nafuu. Mashavu yalirudi. Alianza tena kwenda kwenye lango la kiwanda kutafuta kibarua, na mara nyingi alichukuliwa. Nerima aliona na kumshukuru Mungu, lakini shukrani yake ilikuwa na mfupa ndani. Mbona apone kwa mkono wa yule?

Mferejini wanawake waliliona hilo bila kuambiwa.

"Sasa, Mama Triza!" aliita Adhiambo, muuza samaki wa mlango wa mwisho, akiwa ameinamia ndoo yake. "Yawa, leo mzee amekaa huko kwa Mama Wanyoike mpaka jua likatoka. Hiyo dawa ni ya kumeza ama ni ya kutafuna?"

Wanawake wakacheka.

"Ni mambo ya sista," Nerima alisema.

"Aki mimi, bwana yangu akiambiwa akamezee dawa kwa nyumba ya mjane, hiyo dawa nitaimeza mimi. Acha niende nayo kaburini!"

Wakacheka zaidi. Nerima alitaka nao wacheke kwa ajili yake, si kwa sababu yake. Akasema, kwa sauti aliyoijua ni ya kusikika, "Wengine wakikosa wa kuwakoholea nyumbani, wanaazima wa jirani."

Kicheko kilianza kisha kikakatika katikati. Waithera alikuwa amesimama nyuma yao na mtungi wake wa plastiki. Alingoja zamu yake, akachota, akaondoka akiwa amenyooka. Adhiambo akafyonza meno akisema, "Ngoja, hiyo sasa umepitisha mpaka," lakini Nerima alijiambia kwamba ukweli hauna adabu.

Wiki iliyofuata aliona kitambaa.

Kilikuwa kwenye kamba ya Waithera, kitambaa cha mkono, cheupe, chenye ua lililotariziwa pembeni. Kilikuwa kimefuliwa lakini doa halikutoka: doa la rangi ya machungwa. Nerima alilijua doa hilo kama anavyojua mwandiko wake. Lilikuwa kwenye kola za mashati ya mume wake na kwenye fulana zake kwapani. Alikuwa akilisugua kila Jumamosi mpaka vidole vikachubuka. Jasho la mume wake sasa lilikuwa kwenye kitambaa cha mwanamke mwingine, tena kitambaa cha kutarizi, kitu mtu anachoficha kifuani.

Wanyonyi aliporudi jioni alimkuta mke wake ameketi, chakula hakijapikwa.

"Kitambaa cha Mama Wanyoike kimepataje jasho lako?"

Wanyonyi alivua kofia. Alichelewa kujibu, na kuchelewa huko Nerima alikuhesabu kuwa jibu.

"Nilijifuta uso," alisema.

"Huna mikono? Huna mke mwenye vitambaa?"

"Mama Triza, ni kitambaa tu."

"Basi rudi umezee hapa. Kama ni kumeza tu, koo lako halijui nyumba. Nitakutazama mimi."

"Bahasha ilisema…"

"Bahasha ilikuoa?"

Asubuhi yake Nerima alikwenda kliniki peke yake. Sista Nzilani alimsikiliza hadi mwisho, mikono ameikunja mapajani.

"Siwezi kubadilisha bahasha," alisema kwa upole. "Kila mtu akichagua anavyopenda, hatutajua kamwe ni njia ipi inayosaidia wagonjwa. Mume wako anaendelea vizuri sana, mama. Makohozi yake yamesafika mapema."

"Utafiti wenu unaniharibia nyumba, sista."

Sista alikunjua mikono. "Mgonjwa ana haki ya kujitoa kwenye utafiti wakati wowote. Hatumlazimishi mtu. Akijitoa, dawa ataendelea kupata, na unaweza kumtazama wewe. Lakini aje aseme yeye mwenyewe, kwa kinywa chake."

Wanyonyi alikuja, akasema kwa kinywa chake, akiangalia sakafu. Alifanya hivyo kwa ajili ya amani, na Nerima alijua, lakini alikuwa ameomba ushindi na hakuwa mtu wa kuuliza ushindi umekuja kwa mlango gani. Alikwenda mwenyewe kwa Waithera kuchukua kopo la vidonge. Waithera alilifuta vumbi kwa pindo la gauni kabla ya kulitoa.

"Mtazame koo," alimwambia. "Usimtazame usoni. Koo."

Nerima alilipokea kopo bila kushukuru. Afundishwe shingo ya mume wake na nani?

Basi alifanya jambo hilo kwa heshima yote aliyoweza. Alitandika mezani kitambaa cheupe ambacho kilikuwa kikitoka sandukuni siku ya Krismasi tu. Aliweka kikombe cha maji yaliyochemshwa na kupozwa. Aliweka vidonge kwenye kiganja cha Wanyonyi. Kisha akaweka mkono wake juu ya kichwa cha mume wake, akafumba macho, akaomba.

Hakuwahi kuomba vizuri hivyo. Alimshukuru Mungu kwa kumrudisha mume wake mezani kwake. Aliomba vidonge vitiwe nguvu isiyotoka kiwandani. Aliomba nyumba yake ifunikwe, na kila jicho lililoitamani lipofuke. Sala ilikuwa ndefu, na alipoipitia njia yake yote akafika kwenye amina, Wanyonyi alikuwa tayari amekinyanyua kikombe na kunywa maji hadi mwisho.

"Umemeza?"

"Nimemeza."

Naye akafungua macho na kumwona mume wake akifuta mdomo, na moyo wake ukatulia kama mtoto aliyenyonya.

Kila asubuhi ilikuwa hivyo. Alipopita mbele ya pazia la maua akienda mferejini, alitembea polepole. Waithera alikuwa akishona. Hakuinua kichwa, na Nerima angependa ainue.

Kisha rangi ikaanza kufifia. Katika ndoo ya haja waliyoweka nyuma ya mlango, maji ya Wanyonyi yalikuwa yamewaka kama machungwa tangu dawa ianze. Sasa yalipauka, yakawa ya manjano ya kawaida, kama ya mtu yeyote. Nerima aliinamia ndoo hiyo asubuhi na machozi yakamtoka. Uchafu umekwisha kutoka! Kwa Waithera ulikuwa ukitoka tu siku baada ya siku bila mwisho. Kwake, kwa maombi, umekoma.

Jumapili alisimama kanisani kutoa ushuhuda.

"Bwana asifiwe."

"Amina!"

"Mume wangu alikuwa akitoa rangi ambayo hata sista aliiogopa." Hakuwa na hakika kama sista aliiogopa, lakini maneno yalikuja yenyewe. "Nilipomrudisha nyumbani, nikaweka mkono wangu juu yake, rangi imekwisha. Imekwisha kabisa!"

Watu walipiga makofi. Wanyonyi, kwenye benchi la wanaume, aliinama kana kwamba anasali. Alipoinama alikohoa. Nerima alikisikia kikohozi hicho katikati ya makofi, akakisukuma mbali.

Lakini kikohozi hakikusukumika. Kilirudi kwanza asubuhi, halafu jioni. Koti likaanza tena kuwa kubwa. Siku moja kwenye lango la kiwanda msimamizi alimtazama Wanyonyi akampita, akachukua waliokuwa nyuma yake. Nerima aliongeza kufunga. Aliongeza urefu wa sala. Alijiuliza kama Waithera, kwa ule wivu ambao hakika anao, amesema neno baya juu ya nyumba yao.

Siku ya kurudi kliniki Sista Nzilani alichukua makohozi, akatoka, akakaa muda, akarudi. Hakuketi.

"Wadudu wamerudi kuonekana," alisema. "Baba Triza, unameza?"

"Anameza," Nerima alijibu upesi. "Mimi mwenyewe niko hapo kila siku. Tena ile rangi imekwisha, sista. Mkojo wake ni msafi sasa, kama wangu na wako. Nimeshuhudia hata kanisani."

Alitarajia uso wa sista ufunguke. Badala yake ulijifunga.

"Mama, rangi ile si ya ugonjwa," sista alisema. "Ni ya dawa. Kidonge kimoja katika vile ndicho kinachopaka mwili rangi hiyo. Bado ni wakati wake wa kukimeza. Kama rangi imekwisha, dawa haiingii mwilini."

Nerima alimgeukia mume wake. Wanyonyi alikuwa akitazama dirisha.

Walirudi nyumbani. Nerima aliingia, akafunga mlango, akamwambia avue koti. Alilivaa kila asubuhi, hata kabla ya kumeza, hata siku za joto. Alitia mkono kwenye mfuko wa kulia na mkono ukapita ukaingia ndani, kwenye tundu la bitana. Vidole vilikutana na kitu kama udongo. Akaligeuza koti, akaichana bitana kwa meno. Vidonge vilikuwa pale chini kwenye pindo, vimelowa jasho na kushikana, vingine vimevunjika na kumwaga unga, na bitana yote imeiva kwa rangi ya machungwa. Rangi aliyokuwa ameishukuru kwa kutoweka ilikuwa imelala ndani ya koti.

"Kwa nini?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Wanyonyi aliketi kitandani. "Zinanichafua roho. Nikizimeza tumbo linapanda mpaka hapa. Kwa Mama Wanyoike nilikuwa nainamia karai lake nikijikamua, hewa tupu, na yeye ananikaripia kama mtoto. Keti hapo, usinimwagie nyumba. Baadaye ananipa uji. Tunakaa mpaka linatulia ndipo niende kazini. Hapa umetandika kitambaa cheupe."

"Ungeniambia."

"Nikuambie nini? Utafunga siku nyingine tatu? Jiangalie, Mama Triza. Wewe ndiye unayeonekana mgonjwa." Alijifuta uso kwa kiganja. "Siku ya kwanza nilikusudia kumeza. Nilikuwa nazo mkononi, kweli. Ukafumba macho. Nikasema, leo tu, nifike langoni nikiwa mtu. Kesho yake ukafumba tena."

Nerima alikaa chini sakafuni, koti mapajani. Kila asubuhi alikuwa amesimama mbele ya mume wake kama mlinzi, na kila asubuhi alikuwa amemfungulia mlango yeye mwenyewe.

Bado kulikuwa na jambo moja, na hata wakati huo, hata na koti lile mkononi, hakuweza kuliacha.

"Na kitambaa? Ulijifuta jasho na mlango wazi, asubuhi ya baridi?"

"Halikuwa jasho."

"Ila?"

"Machozi. Hata machozi yanageuka rangi." Hakumtazama. "Alikuwa ananieleza jinsi mume wake alivyoziacha. Alipata nafuu akaziacha. Akanionyesha kiti alichokuwa akikalia. Nikalia."

"Hujawahi kulia hapa."

"Hapa mimi ndiye baba."

Nerima aliligeuza koti mapajani. Jasho angeweza kulisamehe. Jasho linatoka lenyewe. Machozi mtu huyachagulia mahali. Alikuwa na hakika sasa kwamba hakukuwa na dhambi yoyote nyuma ya pazia lile, na hakika hiyo ilimuuma kuliko shaka. Dhambi angeikemea kwa jina. Kwa hili alilosikia hakuwa na pa kushika.

Alijaribu kuomba. Alifumba macho, kisha akayafungua kwa hofu.

Waithera alikuwa akishona Nerima alipoingia. Mguu haukuacha kukanyaga.

"Mama Wanyoike, nimekuja."

"Nakuona."

"Nilisema neno baya kule mferejini."

Mashine ilikwenda hadi mwisho wa mshono. Waithera akakata uzi. "Mume wangu alikohoa kwenye kiti hicho ulichokishika," alisema. "Sikumwazima kwa mtu."

Nerima aliondoa mkono kwenye kiti. Halafu, kwa kuwa hakujua afanye nini na mkono, akaurudisha.

"Baba Triza hakuwa akimeza."

"Najua."

"Unajua?"

"Anapita hapa kila asubuhi. Kola yake ni nyeupe kama ya mwalimu. Mtu anayemeza hana kola kama hiyo."

"Na hukuniambia!"

"Ngai, Mama Triza! Ningekuambia ungenisikia? Wewe ungesema nachunguza shingo ya bwana yako." Hapo ndipo aliposimama. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nilimwambia sista juzi. Nilikwenda kwa miguu. Akasema kesho kutwa mnakuja, atapima."

Nerima alisikia aibu ikipanda hadi masikioni, na ndani ya aibu, papo hapo, ule moto wa zamani: kwa hiyo huyu alikwenda kliniki kwa ajili ya mume wangu. Alisimama na vyote viwili kifuani. Hakuna kilichomtoa mwenzake.

"Mtazame tena," alisema. "Nakuomba. Mimi ameshajua njia yangu."

Waithera alikunja nguo aliyokuwa akishona, akaikunjua. "Nitamtazama. Lakini utakuja naye, na utaketi ndani. Sitaki tena kusemwa mferejini. Na sala uombe wewe, maana mimi sala zangu ni fupi."

Sista Nzilani alipoambiwa alisema hawezi kumrudisha Wanyonyi kwenye utafiti. Huko ameandikwa kuwa aliyejitoa, na ataandikwa hivyo. Dawa ataianza upya, na wamwombee isiwe imechelewa.

Asubuhi ya kwanza waliketi watatu. Nerima alikuwa ameleta kikombe chake mwenyewe, na Waithera hakukikataa. Vidonge vilipokuwa kwenye kiganja cha Wanyonyi, Nerima aliweka mkono juu ya kichwa chake na kuanza kuomba, macho wazi.

Ilikuwa vigumu. Maneno yalimtawanyika. Aliona pazia, aliona cherehani, aliona nzi kwenye ukingo wa kikombe. Aliona kwamba Waithera naye anatazama mahali alipopatazama yeye, kwenye shingo ya mtu mmoja. Aliomba kwa sentensi fupi fupi kama mtu anayejifunza kusoma. Koo la Wanyonyi lilipanda, likasita, likashuka. Likapanda tena.

"Fungua mdomo," Waithera alisema. "Inua ulimi. Upande huu."

Wanyonyi alitii kama mtoto. Nerima alijiuliza kama aliwahi kumtii yeye hivyo.

Kisha tumbo lilimpanda mgonjwa, akainama mbele. Waithera alisukuma karai kwa mguu, si kwa Wanyonyi, bali kwa Nerima. "Shika wewe."

Nerima alipiga magoti, akashika karai kwa mkono mmoja na paji la uso la mume wake kwa mwingine. Wanyonyi hakutapika. Alijikamua, akahema, machozi yakamtoka kwa ile nguvu, yakaanguka juu ya kifundo cha mkono wa mke wake. Yalikuwa meupe bado. Nerima aliyaacha yakauke hapohapo.

Uji ulipokuja, Wanyonyi aliuonja akakunja uso.

"Ule wa kuungua," alisema.

"Ule ule," Waithera alisema.

Wakacheka wote wawili, kwa chini, kwa jambo la asubuhi fulani ambayo Nerima hakuwepo. Hakuna aliyemweleza. Kitu kikamchoma pale penye kawaida yake. Alilishika karai kwa nguvu, akasema kimyakimya: Bwana, kiondoe hiki. Akangoja. Kilikuwa bado kipo. Akasema: basi nipe nishike karai kikiwamo.

Baada ya siku kadhaa, asubuhi Triza akiwa bado amelala, Nerima aliinua kifuniko cha ndoo nyuma ya mlango. Rangi ilikuwa imerudi, nzito, ya machungwa, inang'aa hata penye giza la nyumba. Alisimama akiitazama. Hakuna aliyemwambia kama imerudi kwa wakati. Hilo litajulikana makohozi yakipimwa. Lakini dawa ilikuwa ndani ya mume wake.

Akaichukua ndoo kwenda kuimwaga. Alipita mferejini, ambako Adhiambo na wenzake walikuwa wamepanga foleni.

"Funika hiyo, Mama Triza!" Adhiambo alipiga kelele. "Watu hawajakunywa chai!"

Nerima hakuifunika. Alikwenda nayo hadi mlango wa tatu, akasimama mbele ya pazia la maua, akaita, "Mama Wanyoike. Njoo uone."

Pazia lilifunguka. Waithera alitazama ndani ya ndoo, muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na uso wake ukajaa furaha kupita furaha ya jirani. Nerima aliiona furaha hiyo. Ilimuuma. Aliendelea kuishikilia ndoo, macho wazi, mpaka mwenzake alipomaliza kutazama.